Barua kwa mtoto wa kaka yangu: nenda kachukue kipande

Mwanangu,

Nimesikia kwa mama yako kwamba kitambulisho, yaani kipande, huna haraka nacho, maadamu Rais Ruto alishatangaza kwamba sisi Wapemba, wenye asili ya kisiwa cha Pemba tulioishi miaka mingi bila uraia, ni kabila la Kenya. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wetu, Kilifi na Kwale, wanasema hayo hayo.

Tangazo lile la 2023 lilinitoa machozi. Lakini jina lako bado halijaandikwa kwenye kitambulisho, na fursa hizi huisha. Sheria ya Uraia ya 2011 iliwapa wasio na uraia waliokuwa Kenya tangu uhuru, pamoja na vizazi vyao, miaka mitano ya kuomba kuandikishwa. Ikaongezwa mitatu, ikaisha 2019. Wangapi kwetu walipata habari? Watu walikuwa baharini.

Unamkumbuka babu yako akirudi alfajiri na nguru na kolekole? Leseni ya kuvua hakuwa nayo, maana leseni yataka kipande. Samaki wakiuzwa kwa jina la mtu mwingine, pesa zikiingia kwenye simu ya huyo mtu, na babu akipokea alichopewa. Boti ya doria ikionekana, alishusha tanga akajibanza mikokoni. Mzee aliyeujua kila mwamba kati ya Shimoni na Vanga, anajificha kwenye maji aliyovua maisha yake yote! Dada yako naye, na akili zile, alikwama kwenye usajili wa mtihani kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Hilo mpaka leo linaniuma.

Wamakonde, nao waliokuwa hapa Kenya bila uraia kama sisi, hawakungoja. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi, akina mama na wazee wao, na Februari iliyofuata wakaanza kupokea vitambulisho. Wewe umebakishiwa safari ya kwa chifu tu.

Basi Jumatatu nenda. Beba cheti chako cha kuzaliwa, na mama yako afuatane nawe na kipande chake. Wakikuuliza kabila, sema Mpemba. Usiseme Mdigo wala Mbajuni, kama wazee wetu walivyolazimika kusema ili wapite. Kipande kikitoka, mrudishie rafiki yako laini yake ya simu, usajili ya kwako kwa jina lako, kisha ukaombe leseni ya uvuvi.

Shangazi yako