Watoto hawawezi kubana haja mpaka 2030, karibuni tuchange

Wazazi, walezi, mliosoma hapa zamani na wote mnaoitakia mema shule yetu, salamu nyingi.

Tangu tuanze kuzunguka na daftari la michango kuna swali linarudi kila tunapopita, jamani maji na vyoo si kazi ya serikali, na si walishaahidi, sasa sisi tunachangishwa nini tena? Swali ni la haki kabisa na hatutaki mtu atoe hela yake huku rohoni linamkwaza, kwa hiyo tunalijibu kwanza ndo tuombe.

Ni kweli waliahidi. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwamba maji safi na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu, nchi 122 zikasema ndiyo, 41 zikajizuia kupiga kura, hakuna hata moja iliyopinga. Miaka miwili kabla ya hapo, 2008, serikali za Afrika zilikaa Durban zikasema zitalenga kutenga angalau asilimia 0.5 ya pato la taifa kwa ajili ya vyoo na usafi. Halafu 2015 ikaja ile ya dunia nzima, lengo namba 6 kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, kwamba ikifika 2030 kila mtu awe na maji salama na choo cha kueleweka. Yaani ahadi zipo na zimeandikwa, kinachokwama ni hela. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 inaonyesha kama robo tatu ya nchi zilikiri zenyewe kwamba fedha za kutekeleza mipango yao hazitoshi, na upande wa vyoo ni robo tu ya nchi ndo zilikuwa kwenye mwendo wa kufikia malengo zilizojiwekea.

Sasa wakati hela inatafutwa huko juu, mtoto yuko darasani leo. Shirika hilohilo linashauri shule iwe na tundu moja la choo kwa kila wasichana 25, wavulana 50 tundu moja na sehemu ya kukojolea, na shule ya kutwa ipate maji lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Sisi hata karibu hatujafika. Kengele ya mapumziko ikilia, foleni ya wasichana inaisha wenzao wameshaanza kipindi, ndo maana wengine hawanywi maji tangu asubuhi ili tu wasije wakahitaji kwenda, na wale wakubwa wakiwa kwenye siku zao wanaona heri wabaki nyumbani. Hili linatuuma kuliko yote. Mtoto haumwi, si mvivu, masomo anayataka, anakosa shule kwa sababu mlango wa choo haufungi na maji ya kujisafishia hakuna.

Tunataka kujenga matundu mapya ya wasichana yenye komeo kwa ndani pamoja na chumba cha kubadilishia pedi, tenki la kuvuna maji ya mvua na gata zake kwenye paa la madarasa, na mabomba ya kunawia mikono palepale nje ya choo, maana bomba likiwa mbali mtoto hanawi hata umfundishe vipi. Kuna fungu la sabuni na matengenezo, tunaomba msilione dogo, mara ngapi mradi unazinduliwa vizuri halafu koki ikikatika ndo mwisho wake kwa sababu hakuna aliyetenga hela ya koki nyingine. Na kuna fungu la mwisho ambalo lilileta mabishano marefu kikaoni, nauli na kopi za wajumbe wawili wa kufuatilia bajeti.

Kwenye harambee mtu akiweka ahadi tunaandika jina, kiasi na tarehe, na siku zikifika tunamkumbusha kwa heshima mpaka amalizie. Basi tumefungua ukurasa wa serikali kwenye daftari hilohilo. Kila inachotangaza kuhusu maji na vyoo vya shule tunakiandika na tarehe yake, halafu msimu wa bajeti wajumbe wetu wanaenda kuuliza kimetengwa kiasi gani na kimetoka kiasi gani, maana kutengwa na kutoka ni vitu viwili tofauti. Mchango wako haufuti hilo deni hata kidogo, na kwa maoni yetu waliojenga kwa mikono yao wanauliza kwa sauti kubwa zaidi.

Toa ulichonacho, iwe taslimu, ahadi, mfuko wa saruji, bati, mchanga, au siku yako moja ya kuchimba shimo na mafundi. Hela apokee mweka hazina peke yake na usiondoke bila risiti. Daftari lote, pamoja na ule ukurasa wa serikali, litabandikwa ubaoni nje ya ofisi kila mwisho wa mwezi, ukikuta jina lako halipo njoo uulize.