Naomba Kipaimara kinisubiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wazazi na makatekista. Nina miaka 16, nilibatizwa nikiwa mchanga na nimetumikia altareni tangu darasa la nne. Kwenye mafundisho ya Kipaimara, sakramenti ya Kikatoliki ya kumwimarisha mbatizwa katika imani, niliuliza kwa nini mdogo wangu alikufa kwa malaria ilhali tulisali rozari usiku kucha. Nikaambiwa nina kiburi, nikatolewa nje. Nyumbani mama alilia. Baba akasema nimeharibiwa na simu. (Simu yenyewe ni kitochi.)

Mama Teresa wa Kolkata aliishi miaka mingi bila kumhisi Mungu. Barua zake zinazoeleza hayo zilichapishwa 2007, na 2016 Papa Fransisko akamtangaza mtakatifu. Mimi kwa swali moja tu nimeonekana mpagani!

Tena kanuni ya 889 ya sheria za Kanisa inataka anayepokea Kipaimara, kama ana akili timamu, awe amefundishwa vya kutosha na aweze kurudia ahadi za ubatizo. Nitaahidije nisichokiamini bado? Naomba mwaka mmoja zaidi. Misa sitaacha.

Shida ni kwamba shati jeupe limeshashonwa, na wageni wameshaalikwa.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu,
Songea