Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tulioondokewa na Babu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu umoja wetu wa familia uliondokewa na Babu. Michango imeingia vizuri na mweka hazina atawasomea hesabu. Mimi naomba muda wenu nimzungumzie mzee wetu.

Baada ya maziko, kamati iliamua kuandika maisha yake kabla waliomfahamu hawajapungua. Ya jeshini tumepata machache, kwani mwenyewe hakupenda kuyagusa. Tunayo hati yake ya kuachishwa jeshi yenye namba ya utumishi, na kwa namba hiyo tutaomba kumbukumbu zake. Mwenye barua au picha yake akiwa na sare, tafadhali ailete.

Ya kiwandani ni mengi. Wenzake wa zamu wanasema alianzia chumba cha kuchambua pamba, penye vumbi kutwa nzima. Kila aliporudi kazini baada ya mapumziko, kifua kilimbana siku ya kwanza, kisha kikaachia kadiri wiki ilivyosonga. Hiyo ni dalili inayojulikana ya bisinosisi, ugonjwa wa vumbi la pamba. Alivumilia, kwa sababu watoto walikuwa shuleni.

Baadaye alihamishiwa kwenye mashine za kufuma. Kelele zake hupita desibeli 85, na anayezisikia saa 8 kwa siku, mwaka baada ya mwaka, huharibika masikio. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, za watoto zikiwamo. Kwa hiyo wafumaji hujizoeza kusoma midomo, na wale wa Lancashire, Uingereza, walisifika kwa hilo. Sasa naelewa kwa nini mjukuu akimwendea na neno, Babu alichuchumaa, akamshika mabega, akamtazama usoni mpaka amalize. Tulikua tukiamini hakuna anayetusikiliza kama yeye, na kwa kweli hakuwapo mwingine.

Kamati inapendekeza mambo mawili. Walio viwandani miongoni mwetu wapimwe masikio na kifua mapema, na wasione haya kudai vizuia kelele. Pili, kila nyumba irekodi sauti za wazee wake. Bibi amekubali kutangulia; ameomba afuatwe asubuhi, kabla hajachoka.