Jumamosi: mizizi ya sukuma wiki

Hamjambo wanakikundi. Jumamosi hii tukutane Chiromo saa nne asubuhi. Njoo na miche michanga ya sukuma, ing'olewe pamoja na udongo wake ili mizizi isikatike.

Tutakata mzizi vipande vyembamba, tuvitie safranini (rangi nyekundu ya kuonyesha seli), kisha tuviweke kwenye hadubini. Mtaona mstari mwekundu katikati. Hiyo ni zailemu, njia ya maji: seli za kwenye ncha mbili za mstari huo ni nyembamba, za katikati ni pana.

Nani huzipanga hivyo? Utafiti wa 2010 kwenye Arabidopsis, mmea wa jamii moja na sukuma, ulionyesha jambo ambalo bado linanishangaza. Protini ya SHORT-ROOT hutoka katikati ya mzizi na kuingia endodemi, tabaka linalozunguka mishipa. Huko huchochea maikroRNA 165 na 166, yaani vipande vidogo vya RNA, ambazo huingia katikati na kuvunja ujumbe (nakala ya maagizo) wa jeni ya PHABULOSA. Ujumbe ukibaki mwingi, seli inakuwa pana. Ukipungua, inakuwa nyembamba. Yaani seli hujua kazi yake kwa kusikilizana na majirani!

Wenye nyembe mpya wazibebe, butu huponda mzizi.