Kwa mama wa kwenye boti ya Mkoani

Mama uliyekaa nami dirishani tukitoka Mkoani, Pemba, kuja Unguja, mwenye kikapu cha machungwa, ahsante sana. Jina sikukuuliza, na nafsi inanisuta.

Bahari ilikuwa chafu, lenzi ikanitoka jichoni ikaangukia kiganjani, nami nikaipeleka mdomoni niilowanishe kwa mate. Ukanidaka mkono: “Mwanangu, hebu! Mdomo umejaa vijidudu.” Nikasema basi nitaisuuza kwa maji ya chupa. Na hayo ukayakataa. Ukanieleza kuwa maji yoyote, ya bomba, ya kisima au ya chupa, yanaweza kubeba amiba, kijidudu kinachoshambulia konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, na tiba yake huchukua miezi. Bora nivae miwani mpaka nifike. (Miwani ninayo mkobani, naionea haya tu.)

Jicho lilikuwa jekundu tangu asubuhi nami nimenyamaza, kwani usiku nililala na lenzi. Ulishaliona. Ukaniambia nisiirudishe, nende kwa daktari wa macho. Nilikwenda siku hiyohiyo. Konea ilikuwa imechubuka, nikapewa dawa ya matone.

Siku hizi nanawa kwa sabuni na kukausha mikono kwanza. Dawa ya kulowekea naimwaga yote kila siku, siongezei juu ya ya jana. Na wanja napaka baada ya kuvaa lenzi, si kabla. Hilo ndilo linalonishinda siku za harusi.

Chungwa ulilonipa nililila pale bandarini Malindi, Unguja, jicho moja nimelifumba. Allah akulipe kheri, mama yangu.