Wasimamizi wa tafiti vyuoni wapewe ajira za kudumu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie watu wasiotajwa kila tunapopongeza tafiti za afya za vyuo vikuu vyetu. Mtafiti mkuu hupigwa picha, na anastahili. Lakini yupo aliyehangaikia kibali cha maadili NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kukihuisha kila mwaka, akapeleka maombi ya jaribio la dawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, akaandaa mkataba wa kusafirisha sampuli nje ya nchi, akakesha na wakala wa forodha ili vitendanishi, yaani kemikali za maabara, vitoke uwanja wa ndege kabla barafu haijayeyuka. Huyo ni msimamizi wa mradi. Nimeifanya kazi hiyo hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na nasema bila kusita kwamba vyuo vyetu vinamtumia kama kibarua.

Chukua jambo dogo tu, nauli ya mshiriki wa utafiti. Mama anatoka Mbagala na mtoto mgongoni, anapanda daladala, anamalizia na bodaboda. Itifaki, yaani mwongozo wa utafiti, inasema arudishiwe nauli siku hiyo hiyo. Mfadhili anataka uthibitisho wa kila shilingi, na bodaboda hatoi risiti. Kwa hiyo msimamizi anatengeneza fomu ya malipo isiyotaja ugonjwa wala jina la utafiti, maana karatasi hiyo itapita mikononi mwa wahasibu na wakaguzi. Mama anaweka sahihi au dole gumba, muuguzi anashuhudia, hesabu za masurufu, yaani fedha taslimu alizokabidhiwa msimamizi, zinarejeshwa kwa wakati, ndipo mengine yanatolewa. Marejesho yakichelewa, fedha hazitoki, na mama anaambiwa arudi siku nyingine. Akiambiwa hivyo mara mbili haji tena, na nani atamlaumu? Pengo linalobaki kwenye takwimu hakuna profesa anayeweza kuliziba.

Ujuzi huu haupatikani darasani. Mtu huupata kwa kukaa kazini, kukaguliwa na kuulizwa maswali magumu. Halafu mkataba wake unaisha pamoja na mradi. Miezi michache kabla mradi haujaisha anaanza kutafuta kazi kwingine, kwa sababu ana watoto wa kusomesha. Anaondoka wakati ambapo anahitajika kuliko wakati wowote: Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zinataka taarifa za mwisho ndani ya siku 120 baada ya ruzuku kuisha. Nimeona ofisi ambako kazi hiyo aliachiwa kijana aliyeanza mwezi huo huo, akikuta mafaili ambayo aliyeyapanga yuko mkoa mwingine.

Wakuu wa vyuo husema fedha hakuna. Nawaelewa kwa sehemu. Kwa miaka mingi NIH imelipa taasisi za nje ya Marekani asilimia 8 tu kwa gharama za uendeshaji: umeme, ofisi ya fedha, dizeli ya jenereta linalolinda majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Februari 2025 NIH ilipotangaza kuvishushia vyuo vya Marekani kiwango chao cha gharama hizo hadi asilimia 15, vilikimbilia mahakamani vikisema utafiti utakufa, na mahakama ikazuia. Sisi tumeishi na 8 na hatujapiga kelele. Tupige. Lakini hata hiyo 8 tujue inakwenda wapi, kwa sababu mahali nilipofanya kazi iliingia mfuko mkuu wa chuo na ofisi ya utafiti ikaendelea kukopa karatasi.

Jambo hili sasa haliwezi kungoja. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, miradi iliyotegemea fedha hizo iliamriwa kusimama ghafla, na kuna washiriki waliokuwa katikati ya matibabu ya majaribio. Mei mwaka huo NIH ikatangaza kwamba vyuo vya Marekani havitagawia tena washirika wa nje ruzuku kwa utaratibu wa zamani. Katika mfumo mpya mshirika atapewa ruzuku yake mwenyewe iliyounganishwa na ile kuu. Maana yake ni kwamba hesabu na taarifa zilizokuwa zikipitia kwa chuo mshirika kule Marekani zitakuwa juu yetu wenyewe. Muhimbili imefundisha madaktari tangu 1963. Vipaji vya kisayansi tunavyo. Tunachokosa ni watu wa kudumu wa kushika hesabu na mikataba hiyo.

Naiomba Wizara ya Elimu pamoja na Utumishi waingize kada ya wasimamizi wa utafiti katika muundo wa utumishi wa vyuo vikuu vya umma, na vibali vya ajira vitolewe. Mabaraza ya vyuo nayo yatenge sehemu ya fedha za uendeshaji kutoka kila ruzuku kwa ajili ya mishahara hiyo, na yatangaze matumizi yake kila mwaka ili watafiti waone.

Mratibu wa miradi ya utafiti,
Dar es Salaam