Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Baba naye aulizwe hali yake

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: HUDUMA ZA AFYA YA AKILI NA MSAADA WA DHARURA KWA AKINA BABA

Mheshimiwa Waziri, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita katika kliniki za wajawazito na wodi za wazazi za Kanda ya Ziwa. Ninaandika kuomba jambo ambalo halihitaji jengo jipya wala mashine: baba anapofika kituoni kwa ajili ya mke au mtoto wake, naye aulizwe hali yake ya akili, na akisema kwamba hayuko sawa, awepo mtu wa kumpokea siku hiyo hiyo.

Kila mara linapoulizwa swali la wapi akina baba wapate msaada, jibu linalotolewa ni majina ya hospitali: Mirembe ya magonjwa ya akili, Muhimbili, Bugando, KCMC. Kwa mgonjwa aliyekwisha kuzidiwa, jibu hilo ni sahihi. Lakini baba wa Geita au Ukerewe ambaye hajapata usingizi wa maana kwa majuma kadhaa, ambaye siku hizi hugombana na kila mtu na kurudi usiku wa manane akinuka pombe ili asikutane na maswali ya nyumbani, hajihesabu kuwa mgonjwa wa Mirembe. Jina la hospitali hiyo limegeuzwa tusi mtaani, na ukimwambia mtu mzima aende huko atadhani unamdhihaki. Hatakwenda. Kliniki ya wajawazito, hata hivyo, atakwenda, kwa sababu ameitwa.

Ameitwa kwa ajili ya kipimo. Kitabu namba 6 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), yaani rejista ya wajawazito ambayo kila mkunga nchini anaijua, kina nafasi ya majibu ya VVU na kaswende ya mama, na pembeni yake nafasi ya majibu ya mwenza. Kwa nafasi hiyo ndogo tumefanikiwa kuwaketisha kwenye benchi la kliniki wanaume ambao hakuna kampeni nyingine ya afya iliyowahi kuwafikia. (Nitamke wazi kwamba siungi mkono tabia ya baadhi ya vituo kumrudisha nyumbani mama aliyekuja peke yake, au kumtaka alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mama ahudumiwe, awe na mwenza au asiwe naye.) Baba huyo anasubiri, anachomwa kidole, anapewa majibu na ushauri wa dakika chache, kisha anaambiwa anaweza kwenda. Hatumuulizi analalaje, anakula nini, wala kama mtoto anayekuja amemletea furaha au hofu.

Nimemwona baba mmoja, dereva wa bodaboda, ambaye mkewe alijifungua mapacha njiti. Kila asubuhi alileta uji kwenye chupa ya chai, akaukabidhi mlangoni, akaegemea ukuta wa nje na helmeti mkononi hadi mlinzi alipomtaka asogee. Siku moja nilimuuliza kama yeye mwenyewe amekula. Alinijibu, "Sista, chakula hakipiti. Nikifumba macho naona madeni tu, na kuna saa naona afadhali nisingekuwepo." Nilimpeleka kwa tabibu wa zamu, mtu mwema, lakini tuligota hapo hapo: baba hakuwa mgonjwa wa kituo kile, hakuwa na faili, na ili afunguliwe faili alitakiwa kulipia, ilhali fedha yake yote ilikuwa imeishia kwenye duka la dawa. Tabibu alimsikiliza koridoni, wote wawili wamesimama, huku watu wakipita katikati yao. Mapacha walikuwa na chati mbili zilizojazwa kila baada ya saa chache. Maneno ya baba yao hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Zipo takwimu zinazoonyesha kwamba huyo hakuwa baba wa ajabu. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la JAMA la Marekani lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 43 na kuonyesha kwamba takriban asilimia 10 ya akina baba hupata sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, depression) katika kipindi cha ujauzito wa wenza wao na mwaka wa kwanza wa mtoto, na kwamba kiwango hupanda zaidi kati ya mwezi wa 3 na wa 6 baada ya mtoto kuzaliwa. Tafiti nyingi kati ya hizo zilifanyika katika nchi tajiri, na sioni sababu ya kuamini kwamba baba asiye na ajira ya kudumu ana nafuu kuliko wale. Miaka mitano kabla ya hapo, jarida la The Lancet lilikuwa limechapisha utafiti wa Uingereza uliofuatilia watoto ambao baba zao walikuwa na sonona majuma 8 baada ya kujifungua kwa mama. Watoto hao walipofika miaka mitatu na nusu walikuwa na matatizo zaidi ya tabia na hisia, hata baada ya watafiti kuzingatia hali ya mama. Anayedhani kwamba kumhudumia baba ni kumpokonya mama na mtoto haki yao aupime ushahidi huo.

Mheshimiwa Waziri, hiyo miezi ya 3 hadi 6 inastahili kutazamwa kwa makini. Katika ratiba yetu mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na baada ya hapo chanjo inayofuata ni ya miezi 9. Hivyo wakati ambao baba yuko katika hatari kubwa zaidi ndio wakati ambao familia ina sababu chache za kufika kituoni, na hata mtoto akiletwa kupimwa uzito, anayemleta ni mama. Likizo ya baba, ambayo kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004 ni siku 3, imekwisha kusahaulika, na kwa dereva wa bodaboda, mvuvi au machinga haikuwahi kuwepo. Kliniki pekee, kwa hiyo, haitoshi. Wanaoweza kuziba pengo hilo ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao uliozinduliwa Januari 2024 ulilenga kufikia wahudumu 137,294. Wanaingia majumbani na wanajua nani amefiwa, nani amefilisika, nani mkewe amerudi kwao. Ninaomba wafundishwe, hasa wanaume miongoni mwao, kumuuliza baba hali yake bila kumwaibisha mbele ya watoto, na kujua wampeleke wapi.

Kuuliza kwenyewe si kazi ngumu. Maswali mawili ya mwanzo ya dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, ambalo limekwisha kutumika kwa Kiswahili hapa na Kenya, huchukua chini ya dakika mbili: je, katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, na je, umejisikia mnyonge au kukata tamaa? Akijibu ndiyo, maswali mengine hufuata, na la 9 huuliza kuhusu mawazo ya kujidhuru. Hilo ndilo wahudumu wengi hulikwepa, wakiamini kwamba kulitaja ni kumpandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Ushahidi hauungi mkono hofu hiyo, na Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba kuuliza waziwazi humpunguzia mtu mzigo. Ninachoomba kiongezwe kwenye kitabu namba 6 ni safu moja ya mwenza itakayoonyesha tu kama ameulizwa na kama amepewa rufaa. Undani wa majibu yake usiandikwe humo, kwa maana kitabu hicho hulala wazi mezani, na mkunga anayekijaza huenda ni shemeji yake.

Najua nitajibiwa kwamba wauguzi wameelemewa. Ni kweli, nimeelemewa nao miaka mingi. Lakini Zimbabwe ina wauguzi wachache vilevile. Huko, tangu mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa jamii kuketi na watu kwenye benchi nje ya zahanati, wakasikilizana na kutatua tatizo moja baada ya jingine, na jaribio la kitafiti lililochapishwa mwaka 2016 lilithibitisha kwamba dalili za sonona zilipungua. Sisi mabenchi tunayo, na akina baba tayari wameyakalia.

Lipo pia suala la usiku. Mama mjamzito akizidiwa saa nane za usiku, mumewe hupiga 115 bila malipo, na mfumo wa M-mama humtafutia gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyesajiliwa. Nimeushuhudia ukifanya kazi, na ni miongoni mwa mambo ambayo nchi hii ina haki ya kujivunia. Mume yule yule akizidiwa yeye mwenyewe saa hiyo hiyo, apige wapi? Wizara inayo namba ya bure, 199. Naomba itamkwe hadharani, na ibandikwe kwenye kuta za kliniki na vijiwe vya bodaboda, kama mtu aliye katika hatari ya kujitoa uhai atapokewa kwenye namba hiyo muda wote na mhudumu aliyefundishwa, au kama kuna nyingine iliyoandaliwa kwa kazi hiyo. Hadi hapo, baba anayesoma barua hii akiwa katika hali hiyo asibaki peke yake usiku huu. Amwamshe mtu anayemwamini, waende pamoja mapokezi ya hospitali iliyo karibu, na aseme bila kuzunguka kwamba anafikiria kujiua. Hiyo ni dharura kama kutokwa damu.

Hapo ndipo sheria inapotukwamisha. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na matokeo yake nimeyaona wodini. Familia hufika na mgonjwa wao, huanza kunong'onezana kuhusu polisi na fomu yao ya matibabu, PF3, na kabla daktari hajauliza lolote wamekwisha kukubaliana kwamba ilikuwa ajali. Mwili hutibiwa kama wa aliyepata ajali, kisha mtu huruhusiwa arudi katika nyumba ile ile na mawazo yale yale, bila rufaa, kwa kuwa kwenye faili lake hakuna kilichoandikwa cha kumfanya apewe rufaa. Ghana ilifuta kosa kama hilo mwaka 2023, na tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao kinakiuka katiba. Kifungu chetu kiko chini ya wizara nyingine, lakini ni madaktari na wauguzi wako wanaoletewa wagonjwa wanaofundishwa uongo mlangoni. Ninakuomba ulifikishe jambo hili kwa mwenzako wa Katiba na Sheria, kwa sauti ya tiba.

Ninaomba majibu ya Wizara yatolewe kwa njia ambayo mkunga wa zahanati na dereva wa kijiweni wote wanaweza kuyasikia, yaani redioni, na yaanze na ile namba ya simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Mwanza.